Baada ya Dhiki, Dhahabu

Ni wangapi kati yetu walioachwa nje ya timu ya shule wakakata tamaa? Mimi ni mmoja wao. Muhula uliopita nilisukuma viatu vyangu chini ya kitanda nikasema basi! Hebu niwasimulie habari za aliyenifanya nivitoe tena.

Viktor Chukarin alizaliwa mwaka wa 1921 karibu na Mariupol, nchini Ukraini. Alipenda jimnastiki tangu utotoni. Vita vilipozuka aliingia jeshini, na mnamo 1941 akatekwa na Wajerumani. Alihamishwa kambi baada ya kambi, ikiwemo ile ya kutisha ya Buchenwald. Jamani, njaa si mchezo! Husimuliwa kuwa aliporudi nyumbani mwaka wa 1945 alikuwa na kilo 40 hivi, na mamake mzazi alimtambua kwa kovu la kichwani tu.

Akaanza mazoezi upya, pole pole. Mwaka wa 1952, Muungano wa Sovieti uliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Helsinki, Chukarin alitwaa dhahabu 4 na fedha 2. Alikuwa na miaka 30! Mnamo 1956 kule Melbourne aliongeza dhahabu 3, fedha 1 na shaba 1.

Alipostaafu hakukaa kitako kuhesabu medali. Alikuwa kocha, akawafunza vijana chuoni Lviv, mji alikofariki mwaka wa 1984.

Naam, mvumilivu hula mbivu. Wenzangu, viatu vyangu vimesharudi uwanjani. Vyako je?