Karoli Lwanga abatiza usiku

Karoli Lwanga alikuwa mtumishi katika nyumba ya Mwanga, mfalme wa Buganda. Tarehe 15 Novemba 1885 mfalme aliamuru Yosefu Mukasa, mkubwa wa watumishi Wakristo, auawe, kwa kuwa alimkanya asitende maovu. Siku ile ile Lwanga alikwenda misioni kwa Mapadri Weupe, akabatizwa. Kisha akashika kazi ya Mukasa: akawafundisha vijana dini, akawalinda na uovu wa mfalme.

Mwezi wa Mei 1886 hasira ya mfalme iliwaka. Milango ikalindwa. Kizito, kijana wa miaka kama 14, na wenzake wachache walikuwa bado wakatekumeni, na padri hakuwapo. Basi usiku Lwanga alitwaa maji, akawabatiza. Maana katika hatari ya kufa kila mtu aweza kubatiza, akimwaga maji na kusema maneno ya Kanisa, kwa nia ya Kanisa.

Kulipokucha mfalme aliwaamuru wanaosali wajitenge. Lwanga alitangulia, Kizito na wengine wakamfuata. Kama wangaliikana dini, wangaliishi, hawakuikana. Tarehe 3 Juni waliteketezwa kwa moto huko Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu.

Kizito aliishi na ubatizo wake siku 8 tu, akazitumia zote vema. Nawe, mtoto wa Kasongo au Kabambare, umebatizwa tangu siku ngapi?