James Chuma, mtu aliyeijua njia kwa kichwa

Msikilizaji wetu, karibu kila aliyekaa darasani amesikia kwamba Dk. David Livingstone alikutwa amefariki akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, ndani ya kibanda kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Hiyo ilikuwa karibu na Mei 1, 1873. Lakini maneno ya mwisho ya Livingstone katika daftari lake ni ya Aprili 27, na baada ya hapo hakuandika tena. Basi habari za kibanda, za magoti na za usiku ule zilitufikiaje?

Sehemu kubwa zilitoka vichwani mwa watu wawili waliokuwa naye, James Chuma na Abdallah Susi. Leo tunamzungumzia Chuma zaidi, kwa kuwa alikuwa Myao, na njia zake zilipita huku kwetu.

Chuma alikuwa bado mvulana alipokamatwa na kuuzwa. Mwaka 1861, katika nchi ya mto Shire, kusini mwa Ziwa Nyasa, msafara wa watumwa aliokuwemo ulikutana na Livingstone na wamisionari, wakafunguliwa. Akakaa na wamisionari hao, na mwaka 1864 Livingstone akamvusha bahari hadi Bombay, India. Huko alisoma shule ya misheni, akabatizwa na kupewa jina la James.

Mwaka 1866 alirudi Afrika pamoja na Livingstone. Walishuka Mikindani mwezi Machi, wakaufuata mto Ruvuma kwenda bara. Wewe uliyeko Newala, ukisimama ukingoni mwa uwanda na kutazama kusini, bonde lile unaloliona chini ndilo la mto waliokuwa wakiufuata.

Kwa miaka saba iliyofuata Chuma alitembea na Livingstone. Kazi yake haikuwa kubeba mizigo tu. Kila walipofika, yeye na Susi walimsaidia Livingstone kuwauliza wenyeji: mto huu unaitwaje, unatoka wapi, unamwaga maji wapi, kijiji kinachofuata ni cha nani? Maswali hayohayo yalirudiwa kijiji hadi kijiji, mwaka hadi mwaka.

Livingstone alipofariki, wenzake waliuzika moyo wake chini ya mti palepale. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga na kuubeba. Walipofika Tabora walikutana na ofisa Mwingereza aliyeshauri uzikwe hapo. Walikataa. Mwezi Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500.

Mwili ulipopelekwa Uingereza, aliyesafiri nao ni Jacob Wainwright, kijana aliyejua kuandika vizuri. Chuma na Susi walifika baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha, tena nauli ililipwa na rafiki wa marehemu. Ndipo Horace Waller, aliyepewa kazi ya kuziandaa karatasi za Livingstone ziwe kitabu, alipogundua kwamba bila watu hawa wawili kitabu kitakuwa na mashimo. Wainwright alijiunga na msafara mwaka 1872 tu. Waliokuwepo tangu 1866 ni Chuma na Susi.

Kwa muda wa miezi kadhaa Waller aliwauliza, akalinganisha majibu yao na madaftari. Alipotatizwa na mito ya sehemu moja, Susi aliondoka, akarudi baada ya saa chache na mchoro wa mito yote. Mchoro huo ulikubaliana na ramani ya Livingstone mwenyewe. Wakiwa Uingereza walijenga pia mfano wa kile kibanda alichofia. Mwaka huohuo wa 1874 kitabu kilitoka. Jina la Livingstone lilikaa juu, na la Waller kama mhariri.

Waliwezaje? Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya namna akili inavyofanya kazi, wana maelezo yanayotusaidia, ingawa yalikuja baadaye sana.

Kwanza, akili haishiki kila inachokutana nacho. Hushika zaidi kile ilichokitilia maanani, ikakielewa, na kukirudia mara kwa mara. Chuma hakuwa amekariri orodha ya majina ya mito. Kila jina lilikuwa jibu la swali alilouliza mwenyewe, na lilifungwa na mtu, kivuko, njaa au mvua.

Pili, mwaka 1948 Edward Tolman wa Marekani alieleza kwamba hata panya wanaozoea njia zenye kona nyingi hawakumbuki tu kata kulia, kata kushoto. Hujenga kitu kama ramani kichwani. Mtu aliyetembea nchi kwa miguu ana ramani ya namna hiyo, na Susi alipochora ile mito alikuwa akiitoa ramani yake kichwani na kuiweka kwenye karatasi.

Tatu, kumbukumbu huamshwa na vitu. Ukirudi shambani ulikolima utotoni, unakumbuka mambo ambayo ukiwa nyumbani huyapati. Mtu anayekijenga upya kibanda kwa mikono yake analazimika kukumbuka mlango ulikuwa wapi na kitanda kilikaa upande gani.

Lakini tusitie chumvi. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha kitabu kuhusu kukumbuka. Aliwapa watu hadithi ya kigeni, kisha akawataka waisimulie tena baada ya muda. Waliifupisha, wakaacha yasiyoeleweka kwao, wakaweka waliyoyazoea. Kukumbuka ni kujenga upya, na fundi huweza kukosea. Kwa hiyo hata habari za Chuma zilihitaji kupimwa: watu wawili badala ya mmoja, na daftari kwa pale lilipokuwepo. Tukumbuke pia kwamba aliyeandika ni Waller, naye alichagua aandike nini.

Chuma alirudi Zanzibar akawa kiongozi wa misafara anayetafutwa. Mwaka 1876 aliongoza msafara wa Askofu Edward Steere kutoka Lindi, ukiwa na watumwa waliokombolewa, wake kwa waume. Walinuia kwenda mbali zaidi, lakini wakaishia Masasi, na misheni ya Masasi ikaanzia hapo. Baadaye aliongoza safari za Joseph Thomson, mojawapo ikiwa ya kutafuta makaa ya mawe upande wa Ruvuma mwaka 1881. Alifariki Zanzibar mwaka 1882, kwa kifua kikuu. Mwaka huohuo Wangoni waliishambulia Masasi, na baadhi ya watu wa misheni wakahamia Newala kwa Matola.

Kwa nini tunayasema haya leo? Kwa sababu bado tunapima akili kwa kalamu. Mtoto asiyeandika haraka anaitwa mzito, hata kama anajua kila kichaka cha njia ya kwenda kisimani. Na bibi anayejua nani alihamia kijiji gani wakati wa vijiji vya ujamaa, na shamba la nani lilipakana na la nani, tunamwona hajasoma. Siku akiondoka, daftari la kulinganishia halipo.

Simu uliyoshika ina kinasa sauti. Mrekodi. Usimwekee maneno mdomoni kwa kuuliza kama ilikuwa hivi au vile. Mwache aanze mwenyewe. Mpe kijiti achore njia mchangani. Akiweza kutembea, nenda naye hadi mahali penyewe. Kisha muulize mwingine wa rika lake, akiwa peke yake, na uandike walipokubaliana na walipotofautiana. Andika pia jina lake, na uliweke la kwanza.