Masinde Muliro: Mtetezi wa majimbo aliyeachwa ng'ambo ya mpaka

KATI ya Kamukuywa na Kiminini, katika barabara itokayo Webuye kwenda Kitale, msafiri huvuka mpaka bila kuuona. Mahindi ni yale yale, Kibukusu kisemwacho sokoni ni kile kile, na Mlima Elgon huonekana upande ule ule wa kushoto. Hata hivyo, kwa miaka 50, tangu 1963 hadi mikoa ilipoondoka na kaunti kuchukua nafasi yake mwaka 2013, upande mmoja uliitwa Magharibi na wa pili Bonde la Ufa.

Hakuna mwanasiasa aliyefungamana na mpaka huo kuliko marehemu Henry Pius Masinde Muliro. Alizaliwa upande mmoja, akafanya siasa na kulima upande wa pili. Zaidi ya hayo, mfumo wa majimbo uliouleta mpaka wenyewe ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania kwa nguvu zake zote.

Muliro alizaliwa 1922 huko Matili, Kimilili, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Bungoma. Mwaka 1949 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town, wakati serikali ya makaburu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuandika sheria za kuwatenga watu kwa rangi: nani aishi mtaa gani, nani asipite wapi. Aliporejea nyumbani mwaka 1954 alishika chaki, akafundisha katika shule ya wasichana ya Alliance na chuo cha ualimu cha Siriba. Ualimu haukumshika muda mrefu. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, Muliro alimbwaga W.W.W. Awori katika kiti cha Nyanza Kaskazini na kuwa mmoja wa wajumbe wanane wa kwanza.

Ili kuelewa kilichofuata, sharti mtu autazame mji wa Kitale jinsi ulivyopangwa. Jina Trans Nzoia lenyewe linatoboa siri: maana yake ni ng'ambo ya mto Nzoia, na anayeiona kuwa ng'ambo ni yule aliyesimama Uasin Gishu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ardhi hiyo iligawiwa walowezi wa Kizungu, wakiwemo waliokuwa wanajeshi, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Reli hiyo haikutoka Bungoma. Ilichepuka kutoka njia kuu huko Leseru, karibu na Eldoret, ili mahindi ya walowezi yapate njia ya kwenda bandarini. Mji ukakua ukiwa na uso wake Eldoret na Nakuru.

Lakini mikono iliyolima mashamba hayo ilitoka kwingine. Wabukusu wengi walivuka kutoka upande wa Bungoma wakawa vibarua na maskwota. Wasabaot na Wapokot nao walikuwa na madai ya zamani juu ya nchi hiyo hiyo, madai ambayo ujio wa walowezi uliyafunika bila kuyamaliza. Kwa hiyo uhuru ulipokaribia, swali la Kitale ni ya nani lilikuwa na majibu zaidi ya mawili.

Mwaka 1960 Muliro alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha KADU, akiwa naibu wa Ronald Ngala. KADU ilihofia kwamba jamii ndogo zingemezwa na kubwa chini ya serikali moja yenye nguvu zote Nairobi. Dawa yake ilikuwa majimbo: kila eneo liwe na bunge lake na usemi juu ya ardhi yake. Katika mkutano wa katiba wa Lancaster House mapema mwaka 1962, hoja hiyo ilikubaliwa.

Kukubaliwa kwa majimbo kulihitaji mistari kwenye ramani, na hapo ndipo chama kilipojikuna kidonda. Tume ya Mipaka iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ilizunguka nchini mwaka huo huo ikisikiliza maoni. Muliro na viongozi wenzake wa Waluhya walitaka Trans Nzoia, pamoja na Kitale, iwe sehemu ya jimbo jipya la Magharibi. Daniel arap Moi na viongozi wa Wakalenjin, ambao walikuwa naye katika KADU hiyo hiyo, walidai iwe Bonde la Ufa. Ugomvi huo ulikitikisa chama kuliko hoja yoyote ya wapinzani wao wa KANU.

Kitale ilienda Bonde la Ufa. Bungoma ilibaki Magharibi, na Wasabaot wa Mlima Elgon, ambao wengi wao walitaka kuungana na Wakalenjin wenzao, wakaachwa Magharibi pamoja nayo. Hivyo mpaka mmoja uliwaacha watu wa pande zote mbili na kinyongo. Muliro angeweza kuondoka KADU kwa hasira, na wapo waliotarajia afanye hivyo. Hakuondoka. Aliingia katika uchaguzi wa Mei 1963 akiwa bado na chama kile, na badala ya kurudi nyuma ya mpaka alifanya siasa zake Kitale kwenyewe, akawa kwa miaka mingi sauti ya watu wa huko bungeni.

KADU ilivunjwa Novemba 1964 na majimbo yakafa nayo. Mamlaka ya majimbo yalirudi Nairobi, lakini mipaka ilibaki na kuitwa mikoa. Hilo ndilo lililowaumiza watu wa Kitale kwa miongo iliyofuata. Faili ya Bungoma ilipanda Kakamega na faili ya Kitale ikapanda Nakuru, mji ulio mbali na Kitale takribani maradufu ya Kakamega. Hata serikali ilipohamishia mipango ya maendeleo wilayani mwaka 1983, wilaya hizi mbili zilizouziana mahindi na kuoleana ziliendelea kupangiwa barabara, maji na masoko kana kwamba baina yao kuna bahari.

Njia aliyoishika Muliro baada ya kushindwa kwenye ramani ilikuwa ya ushirika. Mwaka 1969 aliteuliwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, wakati ambapo wananchi walikuwa wakichangishana fedha kununua mashamba ya walowezi wanaoondoka. Aliwahimiza watu wake wanunue, maana mwenye shamba hahitaji kuuliza yuko mkoa gani. Maelfu wakapata makao Trans Nzoia kwa njia hiyo.

Hapo lakini ndipo penye doa ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Shamba lililokuwa la mlowezi mmoja liligawanywa kwa wanachama wengi, kila mtu akitazama ekari zake, na mara nyingi hakuna aliyetenga mahali pa kutosha pa barabara, shule au soko. Hatimiliki zilichelewa. Waliokosa hisa walielekea mjini, na mitaa kama Kipsongo na Tuwan ikafurika watu ambao ramani ya Kitale ya kikoloni haikuwahi kuwawazia. Upande wa Kwanza na Endebess, mashamba makubwa yaliyoshikwa na Shirika la Ustawi wa Kilimo, ADC, yaliendelea kutazamwa kwa hamu na wasio na ardhi. Ushirika ulitoa ardhi, haukutoa mpango.

Cheo cha uwaziri kilimponyoka Juni 1975, akiwa Waziri wa Ujenzi. Bunge lilijadili ripoti ya kamati ya Elijah Mwangale kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki, na Muliro akapiga kura kinyume na serikali aliyoitumikia. Rais Kenyatta alimfuta kazi mara moja. Katika miaka ya 1980, kiti cha Kitale hakikuwa tena na uhakika.

Agosti 1991 alijitokeza tena akiwa mmoja wa waasisi sita wa FORD, pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, Martin Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz. Mfumo wa vyama vingi ulirudi Desemba mwaka huo. Lakini kabla ya uchaguzi kufika, mapigano ya kikabila yaliyoanza Nandi yalikuwa yamevuka hadi Trans Nzoia na Bungoma. Nyumba zilichomwa, na watu walionunua mashamba yao kihalali waliambiwa warudi kwao, yaani ng'ambo ya Kamukuywa. Mstari wa mwaka 1962 ulikuwa umegeuzwa hati ya kufukuzia watu, na mzee aliyekubali kuishi nao alikuwa hai kuyashuhudia hayo.

Hakuuona mwisho wake. Agosti 14, 1992 alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, muda mfupi baada ya kutua kutoka London. Miezi michache baadaye FORD iliyogawanyika iliingia katika uchaguzi wa Desemba bila yeye.

Bustani inayobeba jina lake iko Kakamega, chuo kikuu kiko Kakamega, na uwanja wa michezo uko Kanduyi, Bungoma. Kaburi lake liko Sibanga, Trans Nzoia, katika shamba lake.