MAISHA YA DAKTARI JOHN GARANG

Wengi wetu hapa Wote tumepita Machakos zaidi ya mara moja, kununua viatu vya shule au kubadilisha matatu. Mimi nimepita hapo tangu utotoni bila kujua kwamba ni katika mji ule ule, tarehe 20 Julai 2002, ambapo mwisho wa vita vya Sudan ulianza kuonekana. Nililijua jambo hili pale Chama chetu cha Kiswahili kilipomgawia kila mwanachama mtu mashuhuri aliyefariki ili aandike habari zake. Mimi nikaangukiwa na John Garang.

Nilifurahi, maana nilidhani kazi ni rahisi. Si nilikuwa najua vita vile? Waarabu wa kaskazini huku, Waafrika wa kusini kule, na Garang ndiye aliyetaka kusini ijitenge. Nikamwambia hivyo mwenzetu mmoja ambaye jamaa zake wanatoka Bor. Alinitazama kwa muda, kisha akaniambia nikasome kwanza. Basi nikasoma.

John Garang de Mabior alizaliwa mwaka wa 1945 katika kijiji cha Wangulei, upande wa Bor, akiwa Mdinka. Wazazi wake walifariki angali mtoto, jamaa mmoja akamlipia karo. Alikuwa na miaka kumi tu nchi ilipoanza kuwaka moto: mnamo Agosti 1955 askari wa kusini waliasi huko Torit, hata kabla ya Sudan kupata uhuru wake Januari 1956. Kijana Garang alitaka kwenda msituni kama wengine. Wakubwa wa wapiganaji wakaona umri wake bado, wakamshauri asome. Akaja Tanzania kwa masomo ya sekondari, kisha akavuka bahari hadi chuo cha Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani, na kuhitimu katika uchumi mwaka wa 1969. Angeweza kubaki huko ale maisha. Badala yake akarudi Afrika, akasoma kwa muda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akaingia Anyanya, jeshi la waasi wa kusini. Hakupigana sana. Mwaka wa 1972 mkataba ukatiwa sahihi Addis Ababa na waasi wakaingizwa katika jeshi la taifa. Kumbe ndivyo Garang alivyogeuka afisa wa serikali ile ile aliyotaka kuipindua! Jeshi likampeleka tena Marekani, na mwaka wa 1981 akapata shahada ya uzamifu.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu sisi wa Ukambani habari ya maji haitupiti hivi hivi. Tasnifu ya Garang ilihusu maendeleo ya watu wa Jonglei, ambako mfereji mkubwa ulikuwa ukichimbwa tangu 1978. Mto Nile Mweupe ukifika kusini mwa Sudan hutawanyika katika vinamasi vya Sudd, na karibu nusu ya maji yake hupotea kwa jua. Sudan na Misri zikaamua kuchimba mfereji wa kilomita zipatazo 360 ili maji yapite kando ya vinamasi na kwenda kaskazini moja kwa moja. Sisi tunaofukua mchanga wa mto uliokauka tukitafuta mtungi mmoja tunaweza kusema huo ni mpango mzuri. Lakini yale maji yanayoitwa ya kupotea ndiyo huwaoteshea watu wa kule nyasi za ng'ombe, na ndiyo yenye samaki wao. Aliyeandika juu ya mfereji ule ndiye ambaye jeshi lake lilikuja kuusimamisha mwaka wa 1984, zaidi ya nusu yake ikiwa imeshachimbwa. Mashine kubwa iliyouchimba ilibaki porini ikishika kutu.

Jeshi hilo lilitoka wapi? Rais Nimeiri alikuwa ameuvunja mkataba wa Addis Ababa kidogo kidogo. Mei 1983 askari wa kusini waliokuwa Bor walikataa kuhamishwa kaskazini, na risasi zikalia. Kanali Garang alikuwa Bor siku zile, akaondoka na kuungana nao Ethiopia. Huko likaundwa jeshi la SPLA, yeye akiwa kiongozi. Septemba mwaka huo Nimeiri akatangaza sheria za Kiislamu kwa nchi nzima, jambo lililochochea moto zaidi.

Sasa nikagundua kosa langu la kwanza. Garang hakutangaza vita vya kujitenga. Alitaka Sudan moja iliyo mpya, isiyomwuliza mtu dini wala kabila lake, na wenzake waliotaka kusini iwe nchi peke yake alipigana nao vikali.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mwaka wa 1991 serikali ya Mengistu, iliyomlinda Garang, ilianguka Ethiopia. Wakimbizi wakakimbia tena, wakiwemo maelfu ya wavulana waliotembea kwa miguu hadi wengi wao wakafika Kakuma, hapa kwetu Kenya, mwaka uliofuata. Mwezi wa Agosti Riek Machar na Lam Akol walimwasi Garang wakidai anatawala kwa mabavu. Dai hilo halikuwa la uongo mtupu, maana waliompinga aliwatia ndani, na jeshi lake lilichukua hata watoto. Mnamo Novemba wapiganaji wa Machar, wengi wao Wanuer, waliivamia Bor. Shirika la Amnesty International lilikadiria waliouawa kuwa si chini ya 2,000. Watu wa Garang nao wakalipiza.

Ndipo nikaelewa kwa nini mwenzangu alinitazama vile. Nyanya yake alifia Bor mwaka huo, na waliomuua hawakuwa Waarabu.

Mazungumzo ya Machakos yalisimamiwa na Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya. Aliyetia sahihi kwa upande wa SPLA hakuwa Garang bali msaidizi wake, Salva Kiir. Walikubaliana kwamba kusini itangoja miaka sita, kisha ipige kura kuamua ibaki au iondoke. Mkataba kamili ulitiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005, baada ya vita vilivyokadiriwa kuua watu milioni mbili. Tarehe 9 Julai Garang aliapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na watu wakajaa barabarani kumpokea. Siku 21 baadaye helikopta iliyomrudisha kutoka Uganda ilianguka milimani. Alikuwa na miaka 60. Alizikwa Juba.

Mwaka wa 2011 karibu asilimia 99 ya wapiga kura waliamua kujitenga, na sherehe ya uhuru ikafanywa palipo kaburi la mtu aliyetaka nchi moja. Desemba 2013 askari wa Kiir na wa Machar waligeuziana bunduki, na Bor ikateketea tena.

Nilimpa mwenzangu karatasi hizi azisome. Alinisahihisha jina la kijiji, akakaa kimya, kisha akaniuliza kama pale Machakos kuna kibao chochote cha kuonyesha mahali walipokaa. Sikujua la kumjibu. Tumepatana kwamba likizo ya Agosti tutashuka pamoja kwenye stendi, tuulizie.