Louis Pasteur na Ugonjwa wa Divai

Louis Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, wala hakuwa tajiri. Louis alipokuwa mtoto, wazazi wake walihamia Arbois, mji mdogo wenye mashamba ya mizabibu pande zote. Alisoma kwa bidii, akawa mtu wa elimu kubwa.

Watu wa Arbois waliishi kwa divai. Kila mwaka walivuna zabibu, wakazikamua, wakatia maji yake katika mapipa. Maji yale yalichachuka, yakawa divai. Lakini mara nyingi, walipofungua pipa, waliona divai imeharibika. Nyingine ilikuwa kali kama siki, nyingine chungu, nyingine ilivutika kama ute wa yai. Basi kazi ya mwaka mzima ilimwagwa chini. Hakuna aliyejua sababu.

Mwaka 1863 Kaisari Napoleon III alimwomba Pasteur atafute sababu ya hasara hiyo. Mwaka uliofuata Pasteur alikwenda Arbois pamoja na wasaidizi wake. Alichukua tone la divai nzuri, akalitazama kwa hadubini, chombo cha kuonea vitu vidogo sana. Akaona chachu tu. Kisha akatazama tone la divai mbovu. Humo akaona vidudu vingine. Tena kila ugonjwa wa divai ulikuwa na vidudu vyake. Baadaye aliweza kutaja ubaya wa divai kabla ya kuionja.

Sasa vidudu vile vitauawaje? Alijaribu kutia dawa, hazikufaa. Ndipo alipopasha divai moto katika chupa zilizozibwa, mpaka digrii 50 au 60 hivi, bila kuichemsha. Vidudu vikafa, divai ikadumu.

Watu wengi walibisha, wakidhani moto utaondoa utamu. Basi lita 500 za divai zilipakiwa katika meli. Nusu ilikuwa imepashwa moto, nusu haikupashwa. Baada ya miezi kumi, ile iliyopashwa moto ilikuwa nzuri bado, na ile nyingine imeanza kuwa kali.

Siku zile Pasteur alikuwa na huzuni kubwa. Mwezi wa Juni 1865 baba yake alifariki. Mwezi wa Septemba akafa binti yake Camille, mwenye miaka 2. Mwezi wa Mei 1866 akafa Cécile, mwenye miaka 12, kwa homa ya matumbo. Pasteur alilia sana, lakini hakuacha kazi. Mwaka ule ule alitoa kitabu chake juu ya divai, ili kila mkulima apate kujua njia ile.

Njia hiyo hutumika hata leo kwa maziwa, nayo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1885 Pasteur alimwokoa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Alifariki tarehe 28 Septemba 1895.

Pasteur hakudharau kitu kidogo. Katika tone moja la divai mbovu alitafuta ukweli kwa uvumilivu, na watu wengi wamepata faida.

Maswali
1. Kwa nini watu wa Arbois walimwaga divai yao?
2. Pasteur aliona nini katika divai mbovu?
3. Watu walisadikije kwamba moto hauharibu divai?