Carlson Gracie: Mkufunzi wa Mabingwa na Suala la Ujira

Mtu aliyemfunza mwenziwe kazi ana haki gani katika tonge litokanalo na kazi hiyo? Swali hili liliyaandama maisha ya Carlson Gracie, bingwa wa jujitsu wa Brazili aliyegeuka kuwa mkufunzi.

Gracie alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 13 Agosti 1932, akiwa kifungua mimba wa Carlos Gracie. Carlos alijifunza sanaa hiyo kutoka kwa Mitsuyo Maeda, Mjapani aliyehamia Brazili, na mnamo 1925 akafungua chuo mjini Rio. Kwa ukoo huo, jujitsu ilikuwa heshima na riziki kwa pamoja. Aghalabu ilifunzwa mtu mmoja mmoja, na waliomudu karo walikuwa watu wenye nafasi.

Mnamo Mei 1955, Valdemar Santana, aliyewahi kuwa mwanafunzi na mfanyakazi katika chuo cha ukoo huo, alimshinda Hélio Gracie, ami yake Carlson, katika pambano lililodumu zaidi ya saa tatu. Jukumu la kuiosha aibu hiyo lilimwangukia Carlson. Julai 1956, akiwa na umri wa miaka 23, alimshinda Santana katika vale tudo, yaani pambano ambalo ngumi, mateke na kabari vyote huruhusiwa. Tangu hapo akawa ngao ya ukoo. Huhesabiwa kuwa alishindwa mara moja tu, na Euclides Pereira, mnamo 1968. Aidha, uhasama wa ulingoni haukumzuia kuwa rafiki wa Santana.

Hata hivyo, mchango wake mkubwa ulikuwa katika ufundishaji. Katika chuo chake mtaani Copacabana, Carlson aliwafunza wanafunzi kwa makundi, hakuwaficha mbinu, na wengi wasiokuwa na karo aliwapokea bure. Sanaa iliyokuwa ya wachache ikawafikia vijana wa tabaka la chini. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Ricardo De La Riva, Murilo Bustamante, Mário Sperry, Ricardo Libório na Wallid Ismail.

Mnamo Novemba 1993 mambo yalibadilika. Royce Gracie, binamu yake, alishinda mashindano ya kwanza ya UFC mjini Denver, Marekani, na kutuzwa dola 50,000. Ikawa bayana kwamba ujuzi wa mkekani ungeweza kuleta fedha nyingi. Carlson alihamia Marekani katika miaka ya 1990, na Februari 1997 mwanafunzi wake Vitor Belfort, aliyekuwa na umri wa miaka 19, akatwaa ubingwa wa mashindano ya uzito wa juu ya UFC 12.

Fedha hizo ndizo zilizoleta mfarakano. Mwaka 2000, kufuatia mzozo kuhusu mgao wa mapato na uongozi wa kikosi, Bustamante, Sperry na Libório walijitenga na kuunda Brazilian Top Team. Hoja za pande zote zilikuwa na uzito. Wanafunzi ndio walioumia ulingoni, tena mwalimu wao aliishi mbali nao. Mwalimu naye alikuwa amewalea kwa miaka mingi pasipo kudai malipo yanayolingana na kazi yake. Aliwabandika jina la Creonte, ambalo inasemekana alilitoa kwa mhusika kigeugeu wa tamthilia ya televisheni. Hadi leo, wanajujitsu humwita hivyo mwanafunzi anayemhama mwalimu wake.

Carlson Gracie aliaga dunia mjini Chicago tarehe 1 Februari 2006, akiwa na umri wa miaka 73. Wahenga walinena kwamba asante ya punda ni mateke, na yamkini yeye mwenyewe aliamini hivyo. Lakini wale waliomhama nao wakawa wakufunzi, wakawafunza wengine kwa makundi na kwa uwazi, kama walivyofunzwa Copacabana. Deni ambalo hawakumlipa kwa fedha walililipa kwa wanafunzi wao.