Andrew Foster, Baba wa Elimu ya Viziwi Afrika



Muhula uliopita tulifanya mdahalo hapa shuleni, mada ikiwa upofu ni mzigo mzito kuliko uziwi. Watetezi wa mada walishinda kwa kishindo. Hoja yao ilikuwa moja tu na waliirudia mpaka ikachosha: kiziwi analima, anachunga ng'ombe, anaendesha baiskeli kutoka Ogwedhi mpaka Migori na kurudi, ilhali kipofu sharti ashikwe mkono. Mimi nilikuwa mpinzani, na kengele ikalia kabla sijafika popote. Sasa mhariri amenipa nafasi, nami nitajibu kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye viziwi wengi wa bara hili wanamhesabu kuwa baba wa elimu yao.

Andrew Foster alizaliwa mwaka 1925 huko Ensley, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Walikuwa watu weusi, na ninyi mnaosoma historia mnajua maisha ya mtu mweusi kusini mwa Marekani siku hizo yalikuwaje. Andrew alipokuwa na umri wa miaka 11, yeye na mdogo wake walishikwa na homa ya uti wa mgongo. Walipona, lakini masikio yao yalikwisha kazi.

Hapa nawaomba mtulie kidogo. Kijana huyu alikuwa amesikia kwa miaka 11. Lugha ilikuwa imekwisha kuingia kichwani na ikabaki humo hata mlango ulipofungwa. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana bahati hiyo. Anamwona mama akifungua kinywa, anaona watu wakicheka, lakini hajui hata kama kuna kitu kinachoitwa jina, wala kwamba yeye mwenyewe analo. Asipokutana na watu wanaosema kwa mikono, anaweza kukua mpaka akawa mtu mzima bila lugha yoyote. Kisha sisi tunamwita bubu, wakati ulimi wake ni mzima kama wako na wangu!

Andrew alipelekwa katika shule ya viziwi weusi mjini Talladega. Huko ndiko alikojifunza lugha ya ishara. Lakini kwa watoto weusi masomo yaliishia darasa la sita, basi. Akiwa kijana wa miaka 17 akahamia jimbo la Michigan kwa shangazi yake, akawa anafanya kazi huku akisoma. Masomo ya sekondari aliyamaliza kwa njia ya posta, jambo ambalo wenzangu wanaolalamikia prepu ya usiku wangelifikiria kidogo. Huko Washington kulikuwa na Chuo cha Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi. Akaomba nafasi, wakamkataa kwa sababu ya rangi yake. Akaomba tena, akakataliwa tena. Mwaka 1951 wakampokea, na mwaka 1954 akapata shahada, akihesabiwa kuwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu hapo. Baadaye akaongeza shahada nyingine mbili.

Sasa linganisheni na mtu mwingine wa Alabama hiyohiyo, Helen Keller, aliyezaliwa mwaka 1880. Yeye alipoteza macho na masikio kwa pamoja akiwa na miezi 19, akasomeshwa kwa kuandikiwa herufi kiganjani, akahitimu chuo mwaka 1904. Alikuwa mzungu, milango ikafunguka. Huyu mama ndiye niliyetaka kumtaja siku ile ya mdahalo, maana ni shahidi asiyependelea upande: alikosa vyote viwili. Mwaka 1910 alimwandikia daktari mmoja wa masikio kwamba kwake uziwi ni msiba mkubwa kuliko upofu, kwa kuwa unamnyima mtu sauti ya binadamu mwenziwe, ile inayoleta lugha na mawazo.

Foster alifika Ghana mwaka 1957, mwaka uleule nchi hiyo ilipojipatia uhuru. Kila alipouliza habari za watoto viziwi, watu walimwambia Afrika hakuna viziwi. Ati hakuna! Walikuwapo, ila walikuwa wamefichwa nyumbani. Akaazima madarasa ya shule moja mjini Accra, akawa anafundisha baada ya wenyewe kwenda nyumbani. Habari zilipoenea, waliotaka kuingia wakawa mamia. Kutoka hapo akaenda Nigeria, akafungua shule Ibadan, Enugu na Kaduna. Mwaka 1961 alimwoa Berta Zuther, Mjerumani, naye kiziwi. Aliendelea hivyo kwa miaka 30, mwezi huu anafundisha Afrika, mwezi ujao yuko Marekani akiomba michango, mpaka zikawa shule zaidi ya 30 katika nchi 13. Wengi wa wanafunzi wake wakawa walimu wa viziwi wenzao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko hata majengo.

Msidhani naudharau upofu. Mtu wa Migori au Homa Bay hawezi kuudharau, kwa sababu mito yetu ndiyo iliyokuwa ikiwapofusha babu zetu. Kando ya Kuja, Riana na ile mito ya Kodera palikuwa na inzi mdogo aumaye, usubi. Alikuwa akiingiza minyoo mwilini, nao wakifika machoni, mtu anapoteza nuru polepole. Mwaka 1946 wataalamu walianza kutia dawa ya DDT katika mito ya Kodera, kisha wakaendelea na mito mingine. Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu hawakuona mabuu ya inzi huyo. Mwaka 1950 ndipo ilipotangazwa kwamba hukaa mgongoni mwa kaa wa mtoni. Kufikia miaka ya katikati ya 1950 inzi huyo alikuwa ametoweka huku kwetu. Leo tunaoga Kuja bila hofu, na wengi hata hawajui.

Lakini angalieni kipofu wa siku zile alikuwa nani nyumbani. Alikuwa mzee chini ya mti, vijana wamemzunguka, anaamua kesi, anasimulia ukoo. Hakuna habari iliyompita. Nimeona hayo hata leo sokoni Ogwedhi: mzee asiyeona anasalimiwa na kila mtu na anakutaja jina kabla hujamaliza kukohoa. Hatua chache kutoka kwake kuna kijana kiziwi anayebeba magunia. Ana nguvu na ni mwepesi, hahitaji kushikwa mkono na yeyote. Watu wanamwonyesha kidole pa kuweka gunia, na mazungumzo yao yanaishia hapo. Tangu asubuhi mpaka jioni sijaona mtu akimuuliza ameamkaje. Watetezi wa mada walihesabu kazi za mikono tu, wakasahau mazungumzo.

Tofauti ni kwamba mzigo wa kijana yule unaweza kupunguzwa sana na darasa. Mpeleke mtoto kiziwi Kuja hapa Migori, au Lambwe kule Homa Bay, na baada ya muda mfupi utamkuta anabishana na wenzake mikono ikiruka kama ndege. Zamani hata shule za viziwi nchini zilitilia mkazo kusoma midomo na kutoa sauti, na ishara zilikatazwa. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1986 pale Machakos.

Foster hakuishi kuyaona matunda yote. Tarehe 3 Desemba 1987 alikuwa Rwanda, akapanda ndege ndogo akielekea Kenya. Ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 62. Mwaka 2004 chuo kilekile kilichomkataa kikaupa ukumbi mmoja jina lake.

Na huku kwetu, katiba ya mwaka 2010 inasema lugha rasmi za Bunge ni tatu: Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Katika chama chetu hiki cha Kiswahili, hiyo ya tatu nimewapata watu wawili tu wanaoweza kusalimia kwayo, na wote wawili wana ndugu Kuja.